Viroboto wa Mama Mkwe

Kwa mama mkwe wangu, Mama Eduviges, hakuna anayeinuka mezani akitembea sawasawa. Ukisema umeshiba, anakuuliza unaumwa nini. Mimi nilifika Xochimilco nimekondeshwa na dunia. Mwaka haukuisha nguo zote zikanikana.

Juzi nilikwenda Puebla harusini, nikamwachia pipa la viroboto wa maji, vidudu tunavyofuga viwe chakula. Niliporudi maji yalikuwa meupe kama uji, yananuka, na viroboto wachache waliobaki wamegeuka wekundu, wanahema juu juu.

"Mama, umewapa nini?"

"Vidonge vya unga wa mahindi tu. Walikuwa wananiangalia."

"Wana jicho moja, Mama."

"Hilohilo ndilo lilikuwa linaniangalia."

Kicheko kilinitoka, lakini roho haikutulia. Mayai ya ajolote wetu, wale salamanda wa majini, yalikuwa karibu kuanguliwa. Vitoto vya ajolote havigusi chakula kisichocheza. Vikikosa viroboto vinatafunana miguu. Na kwenye mfereji wetu ajolote hawaonekani tena, wamebaki hawa wa kwenye beseni.

Nikawachota walio hai, nikawatia kwenye beseni jingine la maji safi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na yai mgongoni. Mama Eduviges akaja na mwiko.

"Wape kidogo, wapate nguvu ya kuzaa."

"Kidogo chako ni sinia, Mama. Wakilala njaa hawakui wala hawazai, kweli. Lakini ukiwavimbisha, chakula kinaoza na kuwamalizia hewa. Wape maji ya kijani, yenye mwani, ya lile tangi la juani, kikombe kimoja. Maji yao yakitakata, ndipo uongeze."

"Kikombe cha kahawa au cha supu?"

"Cha kahawa."

Akaguna kama nimemtukania marehemu. Hata hivyo alishika zamu, mikono nyuma, inamwasha. Hadi asubuhi moja akaniita, miwani puani, bilauri ameielekeza kwenye mwanga.

"Nazaria, njoo. Huyu ana mimba."

Kweli, mgongo umejaa mayai. Na jirani yake vilevile. Vitoto vya ajolote vilipotoka, beseni zima la viroboto lilikuwa linarukaruka. Tukavimiminia. Vikadaka, vikadaka, matumbo yakawa duara, miguu yote mahali pake.

Mchana Mama Eduviges akaniwekea chapati moja tu ya mahindi.

"Inakutosha. Ukizidisha utakosa hewa."

Nikashukuru. Akanitazama kiunoni, akafikiri.

"Ila mjukuu sijamwona bado," akasema, akaongeza tatu.