Meneja wa Bucha

Mzee wa bucha alijivunia vitu viwili duniani: kisu chake na mbwa wake. Kisu alikinoa mwenyewe, na ole wake atakayekigusa. Mbwa alikuwa dume kubwa la rangi ya kahawia, na watu walimwita Meneja, kwa sababu tangu ujana wake alikaa mlangoni akiwakagua wateja mmoja mmoja kama vile yeye ndiye anayewalipa mshahara. "Ukitaka kujua nyama ya bucha, mtazame mbwa wake," mzee alipenda kusema, na kwa miaka mingi Meneja alikuwa tangazo lililonona.

Lakini uzee hauji peke yake. Meneja alianza kususa chakula, akatapika maji ya njano, mbavu zikatokeza huku tumbo likijaa. Weupe wa macho nao ukageuka manjano. Binti wa mzee, aliyefanya kazi naye kaunta, ndiye aliyesisitiza waende kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti. Alimbonyeza mbwa tumbo, akamtoa damu, akampitishia mashine ya kuonyesha viungo vya ndani.

"Ini lake limechoka, Mzee," alisema. "Halitakuwa jipya tena. Lakini tukilipunguzia kazi, bado ana maisha mazuri ya kuishi."

Akaeleza dawa na namna ya kuzitoa. Akaeleza wali laini, yai la kuchemsha, boga, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Akaeleza na vya kuepuka, ila hapo mzee alikuwa ameshaacha kusikiliza. Alisikia neno "ini", ikatosha. Maisha yake yote ameuza maini, leo afundishwe ini na mtoto wa juzi?

Dawa ya moto ni moto, alijiambia. Basi kila asubuhi, kabla binti hajafika, alichagua ini la ndama, laini kabisa, ambalo wateja wake wakubwa huliagiza mapema, akalipitisha kwenye moto na kumlisha mgonjwa wake kwa mkono. Meneja, aliyeutazama wali kana kwamba ametukanwa, ini alilila. Mzee akaona yuko kwenye njia sahihi. Kwa kuwa mbwa aliyekonda mlangoni mwa bucha ni aibu tupu, alimtandikia magunia uani, nyuma ya jokofu bovu, akae huko mpaka anone tena.

Hakunona. Asubuhi moja binti alimkuta amesimama uani, paji la uso amelibandika ukutani, hajui aliko. Alimwita jina na hakugeuza hata sikio. Baba na binti wakambeba hadi kwa daktari, mmoja mbele, mwingine nyuma.

Daktari alipomaliza kumtundikia dripu, aliuliza, "Amekuwa akila nini?"

"Ini," mzee alijibu, kifua mbele. "La ndama. Hakuna mbwa mjini anayekula vizuri kumshinda huyu."

Binti aliinamisha uso. Daktari akavuta kiti, akakaa karibu na mzee.

"Mzee wangu, ini ni zito mno kwake. Uchafu unaobaki baada ya kulila, ini lake haliwezi tena kuuchuja. Unakwenda na damu mpaka kichwani, ndiyo maana hajui aliko. Nilikuambia siku ile. Ukiendelea hivi, utamuua kwa mkono wako mwenyewe."

Mzee aliutazama mkono wake. Aliogopa, kuliko alivyopata kuogopa tangu alipomzika mkewe. "Niambie tena," alisema. "Yote, tangu mwanzo. Safari hii nasikiliza."

Meneja aliporudi nyumbani, wali ulichemka kwenye sufuria ya mzee mwenyewe. Boga alilikata kwa kile kisu kisichoguswa. Mbwa alisusa, akasusa tena, kisha njaa ikayashinda maringo. Siku zikaenda, macho yakapungua manjano, na asubuhi moja mzee alipochukua koti lake jeupe kwenda kazini, Meneja aliinuka akamfuata. Alitembea akipumzika kila baada ya nyumba chache, na mzee akapumzika naye. Walipofika, mbwa hakuuliza habari ya uani. Alijilaza mlangoni, penye kazi yake.

Foleni ilikuwa ndefu. Mbele alisimama mpishi wa mkahawa, mteja mkubwa kuliko wote, ambaye hakupata kununua nyama bila kumrushia Meneja kipande. Alinyanyua mkono wenye kipande. Mzee akatoka nyuma ya kaunta akaudaka.

"Hapana, dada. Nyama imekatazwa."

"Mwenye bucha anamnyima mbwa nyama?" Mpishi aliwageukia wenzake kwenye foleni. "Jamani, mwoneni alivyobaki mifupa. Huoni haya kumkalisha hapa mbele za watu?"

Zamani neno hilo lingemfukia mzee akiwa hai. Alimtazama mbwa wake, mbavu nje, sehemu ya tumbo imenyolewa manyoya, na moyo wake ukajaa fahari ambayo Meneja yule mnene hakuwahi kumpa.

"Mifupa ni yake," alisema, "na ameibeba mwenyewe kutoka nyumbani mpaka hapa. Mimi nilikuwepo."

Akaenda kuchukua bakuli la wali na boga, akapiga magoti sakafuni na koti lake jeupe, akaanza kulisha, tonge moja moja. Mtu mmoja nyuma akakohoa, akauliza kama leo kutauzwa kitu.

"Kutauzwa," mzee alisema bila kugeuka. "Mgonjwa wangu akimaliza kula."

Mpishi alisogea pembeni kidogo ili mbwa apate nafasi, na foleni ikasubiri mpaka bakuli likaisha.