Sahani Iliyoitika

Mzee Sindano hakuwa na sindano. Hakuwa na mkanda wa kuzungushia sahani, hakuwa na spika ya pili, na sikio lake la kulia alikuwa ameliacha kwenye mapampu ya maji, alikofanya kazi tangu ujana hadi kustaafu. Hakuwa na kiti ambacho mkewe hakukilalamikia. Hakuwa na picha hata moja ya dada yake, na dada mwenyewe hakuwa naye, kwa sababu aliondoka nyumbani na bendi wakati yeye angali akivaa kaptula za shule, na baba yao akapiga marufuku jina lake kutamkwa ndani ya nyumba.

Jina la Sindano alipewa madukani. Kila duka la mitumba aliloingia aliuliza kama wana sindano, wakamwonyesha za cherehani. Mahali pamoja walimwelekeza zahanati kwa huruma kabisa. Yeye alitaka ile ndogo kama ncha ya mwiba, inayokaa chini ya mkono wa mashine ya santuri na kusoma mifereji ya sahani.

Alikuwa mwindaji mwenye utaratibu. Alivaa shati lililopigwa pasi hata kama anakwenda kupekua marundo. Alianzia chini, kwenye vitu ambavyo watu wengine hawapendi kuviinamia. Redio aliinusa mgongoni, kwani iliyoungua haiwezi kuficha. Amplifaya aliinyanyua, nzito ina transfoma yake, nyepesi imeshafanyiwa upasuaji. Mashine ya santuri aliipata chini ya beseni la kuogeshea mtoto. Mkanda aliukata kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, nao ulizunguka vizuri, ila ulizifanya nyimbo zote ziwe na huzuni kidogo. Sindano ilipatikana mwishowe ndani ya redio ya kabati yenye mashine ya santuri, ambayo wenyewe walikuwa wakiwekea viatu.

“Sasa zimebaki sahani,” alimwambia mkewe.

“Sahani tunazo,” mkewe akasema. “Tena za kutosha wageni ambao huwaleti.”

Duka alilolipenda zaidi lilikuwa la mama mmoja mpana, mchangamfu, aliyeketi mlangoni karibu na soketi ya kujaribia vyombo vya umeme.

“Shikamoo, Mzee Sindano.”

“Marahaba. Sahani zimekuja?”

“Zimejaa. Nenda kule kwenye vyombo.”

Alijua hawakuelewana, lakini akaenda kwa adabu tu. Kati ya mabakuli na vikombe visivyo na vishikio kulikuwa na boksi lililoandikwa SAHANI kwa kalamu nene. Ndani yake zilisimama sahani za santuri, zimetenganishwa kwa magazeti zisikwaruzane. Aliyelileta aliandika sawasawa, na aliyelipanga alisoma sawasawa.

“Hizo hazitoki,” mama wa duka akasema kutoka mlangoni. “Juzi mteja karudisha moja. Anasema mchuzi unavuja katikati.”

“Yuko wapi mtu huyo?”

“Kwani unataka kumpiga?”

“Nataka kujua aliisugua kwa kitu gani.”

Akanunua boksi zima, akaanza na ile iliyorudishwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imeteseka. Aliiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kipande, akaifuta kwa fulana kuukuu akifuata mifereji. Lebo ilikuwa nzima. Jina la kiongozi wa bendi lilikuwa katikati kwa herufi kubwa. Chini yake palikuwa na neno mtunzi, na jina lilelile tena. Ukingoni kabisa, kwa herufi za kumtafutia mtu miwani, paliandikwa: pamoja na waitikiaji.

Aliiweka mchana, jua likiwa bado sebuleni. Kiongozi akaanza kuimba, na kabla ya mstari wa kwanza kwisha Mzee Sindano aliutambua wimbo. Dada yake alikuwa akimwimbia huo kwenye karai, akimsugua matope ya mpira. Lete goti nilitakase, lete goti, usilie. Maneno yalikuwa yaleyale, isipokuwa kiongozi alikuwa ameondoa goti akaweka moyo.

Kisha kikaja kiitikio, na wanawake watatu wakaitikia: sauti ya chini, sauti ya kati na sauti ya juu. Mzee Sindano alisahau kwamba ana wajukuu. Akaita kama alivyokuwa akiita zamani mara kumi kwa siku, bila haja yoyote, ili tu aitikwe.

“Dada!”

“Abee, bwana mkubwa,” ikasema sauti ya kati.

Mkewe alichungulia kutoka jikoni akiwa na kisu na kitunguu.

“Nani huyo?”

“Wifi yako.”

“Si ungesema tuna mgeni, nikabadilisha nguo!”

Lakini ubeti wa pili ulikuwa umeanza, ikabidi wote wasubiri.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Waitikiaji waliweza kuzungumza kwenye kiitikio tu. Kiongozi alikuwa na beti tatu, na katika zote hakumsikiliza mtu. Mwenye sauti ya chini alikwishafariki, na alijibu papo hapo. Dada naye vivyo hivyo. Mwenye sauti ya juu wakati mwingine hakuwepo, kwa kuwa yeye bado alikuwa hai, anakaa mji mwingine, na mchana alikuwa na shughuli zake. Alipokuwepo, nyuma yake zilisikika sufuria.

Mkewe alizoea haraka kuliko yeye. Alisogeza kiti karibu na spika, akawa anachambua mboga na kungoja zamu yake.

“Wifi gani wewe, miaka yote hii hujaja hata kunisalimia?”

“Nilikuwa kwenye boksi la vyombo, wifi.”

“Haya, umesamehewa. Huyu mdogo wako anakoroma.”

“Alianza zamani. Mgeuze.”

“Nikimgeuza anaamka anaulizia spika.”

Wale watatu wakacheka kwa sauti tatu, kicheko kimepangika vizuri, na kiongozi akaingia na ubeti wake.

Mzee Sindano alikuwa na swali moja. Alilikalia muda mrefu, akirudisha mkono wa mashine mwanzoni tena na tena na kuzungumza mambo ya mvua na magoti. Nyumbani kwao habari ya kifo cha dada ilifika kwa maneno ya watu, bila mahali wala tarehe. Baba yake alinyanyuka, akaenda kufunga dirisha. Hakuna aliyewahi kujua alizikwa wapi, wala kama alizikwa.

“Dada,” akasema hatimaye, “nani alikuwa na wewe?”

“Muulize wa juu,” dada akasema. “Mimi nilikuwa na homa.”

Kikaja kiitikio cha pili. Kifuniko cha sufuria kikawekwa chini.

“Bendi ilikuwa na onyesho mji wa mbele, ikaendelea na safari,” ikasema sauti ya juu. “Mimi niliteremka naye. Nilimuuguza mimi, nikamnywesha maji, nikamfunika shuka langu, nikamzika mimi. Kaburi lake nalifagia kila wiki. Nimepanda maua mekundu, mbuzi wakala, nikapanda tena.”

Mzee Sindano alifungua kinywa kushukuru. Kiongozi akaanza ubeti wa tatu.

Kesho yake alipiga pasi shati, akaifunga sahani kwa gazeti, akaenda kwenye ofisi za kampuni iliyotoa santuri ile. Alitaka jambo moja: lebo irekebishwe, jina la dada yake liwekwe panapoandikwa mtunzi. Afisa aliyempokea alikuwa kijana mpole. Alimpa kiti, akaiweka sahani kwenye mashine ya ofisi, akangoja kiitikio.

“Hamjambo humo ndani?”

“Hatujambo!” wakaitikia wote watatu.

Afisa akatikisa kichwa kwa kuridhika.

“Mzee wangu, hapa wameandikwa waitikiaji. Nimewasalimu, wameitikia. Kosa liko wapi?”

“Mmoja wao ndiye mtunzi.”

“Anaweza kuthibitisha?”

Wakasubiri ubeti upite. Dada akaimba wimbo wake kama ulivyokuwa kwenye karai, goti kwa goti, na sauti yake ilitetemeka kidogo kwa sababu ya mpira wa baiskeli uliokuwa nyumbani, ingawa mashine ya ofisi ilikuwa na mkanda mpya. Afisa alisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

“Mzuri,” akasema. “Ila huo ni wa goti. Sisi tuna wa moyo.”

Akamsindikiza hadi mlangoni, akampa kalenda ya kampuni. Ilikuwa na picha ya kiongozi wa bendi akiwa na gitaa jeupe, na siku zote za mwaka zimepangwa chini ya viatu vyake.

Mzee Sindano alirudi nyumbani amefura. Hakuvua hata viatu. Aliteremsha sindano kwenye sahani, akasimama mbele ya spika kama anayetaka kugombana nayo.

“Wamekataa,” akasema.

“Ulisema asante ulipotoka?” dada akauliza.

“Nilisema.”

“Basi nilikulea vizuri. Vua viatu, utamchafulia wifi yangu sakafu.”

Akavua viatu. Alipomaliza kufungua kamba, hasira ilikuwa imebaki kidogo tu, na chini ya hasira hiyo palikuwa na kitu kingine, kikubwa zaidi, ambacho kilikuwa kikimsumbua tangu jana. Kiitikio kilipokuja akasema haraka haraka:

“Mama, wewe wa juu. Nataka kukushukuru kwa maji uliyompa, na shuka, na ule ufagio, na mbuzi—”

“Mimi sikupanda mbuzi,” ikasema sauti ya juu.

“Na maua. Na kwamba ulishuka kwenye gari. Wengine wote walibaki garini, wewe uka—”

“Asante yako ni ndefu, baba, haitoshi humu. Niandikie. Sijaandikwa popote tangu siku ile.”

Jina lake na anwani yake vilihitaji sahani ipigwe mara mbili, maana kiongozi aliingia katikati ya jina la pili. Mzee Sindano aliviandika kwa mwandiko aliojifunza darasani baada ya zamu za jioni, tayari akiwa mtu mzima mwenye watoto, na ambao hadi leo huuonea fahari. Kisha akavuta karatasi safi. Hakulalamika juu ya lebo hata mstari mmoja. Alishukuru kwa maji. Alishukuru kwa shuka. Alieleza jinsi dada yake alivyokuwa akimwitika “Abee, bwana mkubwa”, akiwa na mikono imejaa sabuni, na kwamba mtu aliyemfumba macho dada huyo ni mtu wa nyumba hii kuanzia sasa, akitaka au asitake.

“Mwambie na mimi nashukuru,” mkewe akasema nyuma ya bega lake. “Na mwambie aje. Mwambie sahani zipo.”

Akaliandika na hilo pia.

Redio ya jirani ilikuwa ikipiga wimbo uleule. Mtangazaji akamtaja kiongozi kuwa ndiye mtunzi na mwimbaji, akamsifu kwa moyo wake, akaenda kwenye matangazo ya biashara. Mzee Sindano alikunja barua mara tatu, akailamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja. Juu yake aliandika jina lote la yule mama, kwa herufi kubwa. Chini ya jina, mahali ambapo watu huandika cheo, akaandika: Mwimbaji.

Posta palikuwa na foleni fupi. Karani aliichukua bahasha, akabandika stempu, akasoma jina kwa sauti kama alivyosoma ya wote waliotangulia, kuhakikisha hajakosea.

“Abee,” ikaitika bahasha.

Karani akagonga muhuri, akaitia kwenye gunia la mji ule.