Madumu ya Maziwa ya Dewey

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na asubuhi ile ya Julai hasira zangu zilimwangukia mtu asiyestahili. Naanza na hilo ili mjue mapema kosa lilikuwa la nani.

Saa kumi na moja alfajiri Dewey, mume wangu, alikuwa amesimama jikoni mbele ya friza, anaupiga mlango kwa mkono wa kushoto. Pa, pa, pa. Wa kulia haufanyi kazi tangu kiharusi kilipompata Januari. Maneno nayo yalimpotea siku hiyo hiyo, akabakiwa na moja tu, "haya," na hilo hulitoa kwa nadra. Mimi nilikuwa mbio. Boti imeshafungwa nyuma ya pikapu, na mashindano yanaanza saa kumi na mbili kamili. Nikafungua friza, nikampa aiskrimu. Akaisukuma. Nikadhani goti linamuuma, nikampa pakiti ya njegere zilizoganda ajikande. Akaitupa chini, ikapasuka, njegere zikatapakaa mpaka chini ya jiko.

"Dewey Tidwell, mimi si mganga wa kupiga ramli," nikamwambia. "Kaa kitini. Lavonne anakuja kukuangalia."

Lavonne ni dada yangu. Nikazoa njegere nikiwa nimenuna, nikaondoka bila hata kumshika bega.

Kwa miaka ishirini na miwili mimi na Dewey tumekuwa boti moja kwenye chama chetu cha wavuvi wa samaki aitwaye besi, hapa Ziwa la Guntersville, Alabama. Yeye anavua, mimi naendesha na kushika wavu. Kila Oktoba boti kumi na mbili zenye alama nyingi hukutana kwa fainali, na sisi hatujawahi kukosa. Mwaka huu, baada ya kiharusi, Dewey alilala kageukia ukuta wiki sita, chakula nampa kwa kijiko na nusu anakitema. Kisha daktari akasema, huenda ifikapo Oktoba ataweza kukaa kwenye boti. Jioni ile ile alikula sahani nzima ya bamia za kukaanga na mkate wa mahindi. Kesho yake nikamkuta amesimama mbele ya kalenda. Basi nikaapa, hiyo fainali ataiona, hata kama nitavua kwa meno.

Mashindano ya Julai ndiyo ya mwisho kuhesabiwa. Tulikuwa wa kumi na tatu. Aliyekalia nafasi ya kumi na mbili ni Garland Pruett, na hesabu ilikuwa nyepesi: siku hiyo nimzidi Garland uzito, hata kwa wakia moja, tunaingia. Nisipomzidi, naenda nyumbani kumwambia Dewey aiteremshe kalenda.

Garland nilimkuta gatini, tumbo mbele, kofia nyuma.

"Bi Verna, peke yako tena? Nani atakushikia wavu leo?"

"Nitakuita wewe. Si huwa umeshachoka kuvua ikifika saa nne?"

Wenzake wakacheka, naye akacheka. Kisha akashusha sauti, "Mzee anaendeleaje? Anakula? Analala vizuri?"

"Anakula," nikasema. Watu wote huniuliza mimi, hata Dewey akiwa amekaa ubavuni pangu, nami hujibu. Nilikuwa nimeshazoea kumjibia, na sikuwa nimeona ubaya wake.

Pale gatini kuna duka. Nikanunua mifuko miwili ya barafu, maana kiangazi cha kwetu maji ya ziwa huwa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto, na samaki kwenye tangi la boti hachukui muda kufa. Besi wetu hatuwali. Wanapimwa wakiwa hai, wanarudishwa majini, na kila anayefika amekufa unakatwa nusu ratili. Ndiyo maana kila boti hubeba barafu ya kupozea tangi. Dewey yeye hakununua hata siku moja. Alijaza maji ya kisima chetu kwenye madumu matupu ya maziwa, akayagandisha, friza nzima ni madumu tu mpaka sina pa kuweka kuku. Nilimcheka miaka yote ishirini na miwili. Mwanamume ana nyumba, ana pikapu, barafu ya dukani inamshinda. Niliuita ubahili, tena mbele za watu.

Nikaenda moja kwa moja kwenye ukingo wa mto wa zamani. Kabla ya bwawa kujengwa pale palikuwa na mto tu, na ukingo wake bado upo, futi ishirini chini ya maji. Julai besi wakubwa hushuka huko kukimbia joto. Wengine huutafuta kwa kioo cha mashine ya kupima kina. Dewey alinifundisha kwa macho: tangi la maji la mji likae juu kabisa ya mnara wa kanisa la Wabaptisti, na nyuma yako uone mwerezi uliopigwa radi. Nikasimama hapo, nikatupa ndoana, nikangoja. Samaki hawa hawali mpaka mitambo ya bwawa ifunguliwe, maji yaanze kutembea.

Saa tatu yakaanza kutembea. Wa kwanza alikuwa wa ratili mbili na nusu. Wa pili na wa tatu walilingana, ratili tatu na kitu kila mmoja. Wa nne alipoikamata ndoana nilijua si mwenzao, maana fimbo ya kuvulia ilipinda mpaka ncha ikaingia majini na boti ikaanza kugeuka. Nikaibana fimbo kwapani, mkono mmoja unazungusha, mwingine unatafuta wavu. Mara mbili alikuja juu, mara mbili akazama tena chini ya boti. Nasema wazi, niliogopa. Nilipomwingiza kwenye wavu nilikaa chini naye mapajani, nikahema. Ratili tano, jike, mdomo wake ungemeza ngumi yangu.

Ruhusa ni samaki watano. Nilikuwa nimebakiza mmoja, na ilikuwa saa tano bado. Nikafungua mfuko wa kwanza wa barafu, nikaumimina wote kwenye tangi, nikafunika, nikala sandwichi yangu ya nyanya kwa raha zangu.

Baada ya nusu saa nikafunua. Yule mkubwa alikuwa amelala ubavu. Wale wengine walikuwa juu juu, wanatafuta hewa. Na kwenye tangi ikanijia harufu ninayoijua, ile ya bwawa la kuogelea la mjini, klorini, dawa ya maji ya bomba.

Barafu ya dukani ni maji ya bomba, na dawa yake ni sumu kwa samaki. Ya kisima hayana dawa.

Hapo nikaona kila kitu kwa pamoja: madumu ya maziwa, friza, na mkono wa kushoto unapiga mlango pa, pa, pa. Dewey alikuwa ameona naondoka bila madumu. Akili yake nzima, timamu, ilikuwa imesimama pale jikoni inaniambia kitu cha maana kuliko vyote vya siku hiyo, nami nikampa aiskrimu kama mtoto. Nililia. Nililia huku nafungua kizibo cha tangi, maana muda wa kulia tu sikuwa nao.

Nikayamwaga maji yote, mfuko wa pili nikausukumia chini ya kiti, nikawasha pampu ivute maji ya ziwa. Hayakuwa na dawa, lakini yalikuwa ya moto, na samaki mgonjwa kwenye maji ya moto hamalizi saa. Simu haziruhusiwi mashindanoni, kwa hiyo hakuna wa kumwita. Ilikuwa saa sita kasoro. Saa nane lazima niwe gatini. Pale nilipokuwa ndipo samaki walikuwa wanakula, na nilimwona Garland kwa mbali, fimbo yake imepinda. Lakini ng'ambo kuna kijito kinachotoka pangoni chini ya mlima, maji yake baridi mwaka mzima. Nikageuza boti.

Kijitoni nikajaza tangi maji yale ya pango. Kisha nikapiga magoti, nikaingiza mkono, nikamshika yule jike kwa taya la chini, nikamsimamisha wima, nikawa namsogeza mbele taratibu maji yapite kwenye mashavu yake. Dakika kumi. Dakika ishirini. Magoti yaliwaka moto.

"Wewe mama," nikamwambia, "ukifa leo sitakusamehe. Pumua."

Akatikisa mkia kidogo. Kila nikimwachia alilala ubavu, nami namshika tena. Wale watatu walitulia wakashuka chini. Ilipofika saa saba na robo nilikumbuka nina wanne tu. Mkono wa kushoto nikaubakiza kwenye tangi, wa kulia nikachukua fimbo fupi yenye mnyoo wa plastiki, nikautupa kwenye kivuli cha mti ulioinamia maji. Mara ya sita, akaondoka nao besi mdogo aliyefikia kipimo kinachoruhusiwa kwa shida. Nikamvuta kwa mkono mmoja, uzi nimeubana kwa meno. Kumbe kiapo changu kilisikika.

Nilifika gatini zimebaki dakika nne. Kisha ikaja sehemu ambayo sikuwa nimeipangia. Kutoka botini samaki hubebwa kwenye mfuko wenye maji, na unapanga foleni juani mpaka mezani. Mbele yangu kulikuwa na boti tisa. Joto la mchana lilikuwa limefika nyuzi thelathini na saba, na mfuko wangu ulianza kupata moto mkononi. Ubaoni niliona Garland ameshapima: ratili kumi na nne na wakia mbili. Nilijua wangu wanamzidi kidogo tu, ila akifa hata mmoja, nusu ratili inaondoka nami naondoka nayo. Nikachungulia mfukoni. Jike alikuwa ameanza kulala tena.

"Verna! Njoo umtazame mumeo, mimi yamenishinda," Lavonne akaita.

Kando ya foleni, kwenye kiti cha kukunja, alikaa Dewey. Miguuni pake kapu la nguo za kufua, limefunikwa blanketi la kitandani petu.

"Tangu saa nne tuko hapa," Lavonne akasema, jasho linamtiririka. "Ameyatoa madumu yote mwenyewe, moja moja, kwa mkono mmoja. Akapanda kwenye gari akagoma kushuka. Nikadhani kichwa kimeruka. Tumefika, wewe umeshakwenda. Nikasema turudi, hataki. Mtu akigusa blanketi, kofi."

Garland naye alikuwa amesogea. Akaliangalia kapu, akaniangalia mimi. "Bi Verna, mzee anataka nini na hayo madumu?"

Nilifungua mdomo kujibu, kama ninavyojibu siku zote. Nikaufunga.

"Muulize mwenyewe," nikasema. "Yuko hapo mbele yako."

Garland akamgeukia Dewey. Dewey hakumngoja. Alilifunua kapu, akachukua dumu lenye donge la barafu bado katikati, akaling'oa kifuniko kwa meno, akanionyesha mfuko kwa kidevu. Nikaupanua. Akamimina maji yale ya kisima chetu taratibu, akaacha kidogo, akamtazama samaki, akamimina tena. Hakumwaga tone nje. La kwanza likaisha nikampa la pili. Foleni ilisogea, naye akainuka akasogea nami, Lavonne anamshika kiuno, mimi nimeshika mfuko, hatua kwa hatua mpaka mezani.

Otha, mpimaji wetu, akawatoa mmoja mmoja akiwatazama mashavu. Alipomfikia jike akakunja uso. Akamlaza kwenye beseni, akamgusa mkia kwa kidole. Jike akajipinda, akamrushia Otha maji mpaka kwenye miwani.

"Hai watano," Otha akasema, anajifuta. "Ratili kumi na nne, wakia sita."

Wakia nne. Niliurudia ubao mara mbili kwa sababu macho yalikuwa yamejaa. Garland aliuangalia vilevile, kisha akavua kofia yake, na nitakuwa mwongo nikisema haikumuuma.

"Haya bwana. Mwambie Dewey..." akaanza, akanitazama, akajikata mwenyewe. Akaenda akachuchumaa mbele ya kile kiti, ambako Lavonne alikuwa amemkalisha Dewey tena, uso kwa uso.

"Dewey," akasema, "mimi naweka barafu ya dukani miaka yote, na samaki wananifia sijui kwa nini. Kumbe siri iko kwenye madumu yako. Si ungeniambia."

Dewey akamtazama. Midomo ikahangaika, upande mmoja ukiuvuta mwingine. Mimi nilijua atakachosema, na ulimi uliniwasha kumsaidia. Niliung'ata. Garland naye akangoja, hakugeuka kunitazama hata mara moja.

"Haya," Dewey akasema mwishowe. Akaokota dumu tupu, akamkabidhi.