Meneja Hageuki

Mwaka wa ishirini na mbili huu nimo kwenye kliniki ya watoto, na mama aliyepita kwenye mizani yangu bila kugombezwa sijamwona bado. Homa si meno, nawaambia. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari kisha umlete, usikae kungoja ushauri wa jirani. Nina mdomo, najua, lakini watoto wao wanapona na wenyewe wananisalimia sokoni.

Sasa mke wa mwanangu ni fundi cherehani, mpole hata akichomwa na sindano hasemi kitu. Wana binti mmoja, wakati ule ana mwaka na miezi minne. Tunamwita Meneja, kwa sababu hushinda chini ya meza ya mama yake akipanga nyuzi kana kwamba duka ni lake. Nampenda mtoto yule kupita kiasi. Baba yake mwenyewe sikumdekeza hivyo.

Siku moja mkamwana akaniambia taratibu, "Mama, naona Meneja hanisikii. Na maneno hayaji."

Nikamjia juu. "Kila mtoto na wakati wake. Mumeo alichelewa kusema, na leo nani anamnyamazisha?" Nikaipiga kofi meza aliyoegemea mtoto. Akageuka, akacheka. "Umeona? Masikio hayo. Acha kumtafutia mtoto ugonjwa."

Akarudi kwenye cherehani yake. Nani abishane na mama mkwe aliyevaa sare ya uuguzi? Miezi minne ikapita. Meneja akaugua mafua mara tatu, nikamtibu mwenyewe, nikajisifu mwenyewe. Kila nikienda napiga meza, anageuka, narudi kwangu roho imetulia.

Jumamosi moja nikapiga meza kama kawaida yangu. Safari hii mkamwana akaacha kushona.

"Samahani, mama. Mimi na meza hii tunajuana. Nikikanyaga cherehani, Meneja anashika mguu wa meza na kucheka. Nikiacha, anauachia. Anaihisi, mama, haisikii. Jaribu kitu kisichogusa meza."

Nilitaka kumpa vidonge vyake. Badala yake nikatoa kichupa cha tembe mkobani, nikasimama nyuma ya mtoto, nikakitikisa. Mtoto akaendelea kupanga nyuzi. Nikamwita. Nikamwita kwa sauti ile niliyokuwa nikimfokea baba yake, jirani akachungulia dirishani. Meneja akachukua uzi wa bluu, akauweka kando ya mwekundu.

Nikakaa sakafuni. Mganga hajigangi, sawa, lakini mimi nilimzuia hata mwingine asigange. Niliogopa sana, sioni haya kusema.

Jumatatu tukapanga foleni kwa daktari wa masikio, kijana asiyetujua, mimi na gauni langu la nyumbani. Akamtia Meneja kidude sikioni, akasoma mashine yake.

"Kuna majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili. Mafua ya mara kwa mara huyaacha humo. Hayaumi, ndiyo maana watu hawajui. Anasikia kama mtu aliyezama kwenye maji." Mkamwana akashika kifua. "Yanatibika, mama. Yamekaa muda mrefu, kwa hiyo tutaweka mirija midogo yatoke. Kisha mzungumze naye sana, anatazama midomo yenu." Akainua macho. "Lakini huu ndio umri wa kuokota maneno. Mbona mmechelewa?"

Nikafungua mdomo wangu usiolala. Mkamwana akanitangulia. "Kazi zilinizidi, daktari. Kosa ni langu."

Alisema hivyo huku kanishika mkono. Mtoto wa watu niliyemfunga mdomo miezi minne, na bado ananisitiri. Nimekuwa mkwe wake miaka mitano, na nadhani nilianza kumpenda sawasawa pale pale, kwenye benchi lile.

"Daktari, usimwandikie kosa huyo," nikasema. "Yeye aliliona tatizo tangu mwanzo. Kuna muuguzi alimwambia aache kumtafutia mtoto ugonjwa."

Daktari akakunja uso, akachukua kalamu. "Muuguzi gani huyo?"

Mkamwana akanibana vidole ninyamaze. Nikamtajia daktari jina langu, herufi moja moja, asije akakosea.