Imeingia, Lakini Haiwaki

Mimi Mwongeli nimeshona nguo Kianda tangu nilipotoka Kitui, na sheria yangu ni moja: kitu kikiingia bila kulazimishwa, kimefaa. Kwa hiyo Geoffrey, muuza vifaa vya kompyuta wa Kawangware, aliponiuzia prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kizazi cha nane, nami nikamwachia ile yangu ya polepole ya kizazi cha sita, ile mpya niliipachika kwenye kompyuta kwa mikono yangu mwenyewe. Ilikaa sawasawa. Nikabonyeza. Feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi tii.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili kwaya ya kanisa letu ilikuwa ivae majoho mapya yenye majina yaliyotariziwa kifuani, na mashine yangu ya kutarizi haishoni hata herufi moja kabla kompyuta haijaichora. Nikishindwa, kazi za kanisa zingeenda kwa Joan wa Laini Saba, mshonaji mwenye mashine kama yangu, anayenisalimia huku akikagua mishono yangu. Afadhali nimeze sindano.

Nikabeba kompyuta hadi Kawangware, hasira zimenijaa. Kufika kwa Geoffrey, namkuta nani akifoka? Joan, amekumbatia kompyuta yake.

"Geoffrey, hii kitu uliniuzia imekufa!"

"Hata yangu," nikadakia.

"Wamama, makelele ya nini? Hizo prosesa zote ni za soketi moja. Kwani hazikuingia?"

"Ziliingia!" tukajibu pamoja, kisha tukanuniana.

Geoffrey akazifungua zote mbili, akasoma kitu kwenye simu yake, akajikuna kichwa. "Maze! Kumbe soketi ni ile ile, lakini eighth gen walibadilisha vile stima inapita hapo chini. Bodi ya kompyuta ya Mwongeli ni ya zamani, hiyo haiijui. Ya Joan nayo ni mpya, haitaki sixth gen." Akarudi nyuma hatua moja. "Na sixth gen ya Mwongeli ndiyo niliuzia Joan."

Nikaelewa upesi kuliko nilivyotaka. Ili kompyuta yangu iwake siku hiyo, ilibidi nirudie ile ya polepole na nimpe Joan prosesa yangu ya kasi, ile niliyokuwa nimeiringia mtaa mzima. Nyingine ya kuifaa bodi yangu, Geoffrey hakuwa nayo. Roho iliniuma sana, sidanganyi. Nikayafikiria yale majoho mezani kwangu, vifua vitupu.

"Badilisha," nikasema, nikitazama ukuta.

Zikawaka zote mbili. Yangu ilijivuta kama ng'ombe aliyeshiba. Ya Joan ilikuwa tayari kitambo, inatungoja. Joan akaitazama yake, akaitazama yangu. Nikajiandaa kuchekwa.

"Na hiyo, majina ya kwaya utamaliza kuchora lini?"

"Labda Jumatatu," nikasema kabla sijajizuia.

"Basi niletee nusu. Si hii speed umenipea wewe?"

Nilitaka kukataa. Mdomo ukasema asante.

Jumapili kwaya ikasimama, kila joho na jina lake. Watu walipokuja kunipongeza niliwaambia upande wa kushoto ni kazi ya Joan, na nikamwonyesha, kwa maana nilikuwa nimemwalika. Lakini ibada nzima nilikuwa nimeukodolea macho upande huo nikitafuta uzi uliolegea. Joan, benchi moja nami, alikuwa akikagua upande wa kulia.