Dubu wa Fedha

Katika nyumba ya Soud, huko Chumbageni, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo Mwatum, mkewe, alilionea wivu kama mwanamke amwoneavyo mke mwenzake. Kopo lenyewe halikuwa na uzuri wowote. Lilikuwa limeshika kutu ukingoni, na kifuniko chake hakikuketi sawasawa. Lakini ndani yake mlikuwa na sarafu za fedha kutoka Uchina, fedha safi, nzito mkononi, kila moja imefungiwa katika nailoni ngumu iliyozibwa kwa moto pande zote. Upande mmoja wa sarafu palichorwa hekalu la mviringo lenye mapaa yaliyopandana. Upande wa pili alikuwapo dubu wa Kichina, yule mnyama mweupe kwa mweusi, ameketi kitako kama mtoto aliyeshiba, anatafuna mwanzi.

Soud alikuwa fundi wa mitambo katika meli ya mizigo iliyokwenda Uchina. Kila mwaka alirudi Tanga kwa likizo fupi, na kila aliporudi alileta sarafu moja. Aliitoa mfukoni kabla ya kuvua viatu.

"Hii si pesa ya kununulia kitu, Mwatum. Hii ni pesa ya kuweka," alisema mara ya kwanza. "Usiifungue, usiipanguse, wala usimwonyeshe mtu."

Aliyemfundisha mambo hayo alikuwa mkuu wake wa mitambo, Mchina mmoja wa makamo. Shilingi hushuka, Mchina huyo alimwambia, lakini fedha hubaki fedha. Tena kila mwaka dubu huchorwa upya, na mwenye kuzikusanya za miaka yote mfululizo, zikiwa hazijaguswa na kidole cha mtu, hupata bei ambayo mwenye moja moja haioti. Soud akalishika neno hilo kama mtu ashikavyo nadhiri. Siku sarafu zake zitakapotosha, aliahidi, ataziuza zote pamoja, atanunua mashine ya kusaga nafaka, ataiweka mtaa wa Mabawa, na hatapanda meli tena.

"Zitatosha lini?" Mwatum aliuliza.

"Nikipata ya mwakani."

Ya mwakani ikapatikana, nayo ikawa na mwakani wake.

Miaka ile ya mwanzo ilikuwa miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya sabuni na mafuta ya kula, miaka ambayo mtu mwenye katoni mbili za dawa ya meno aliweza kugongewa mlango akaulizwa amezipata wapi. Mwatum alilificha kopo chini ya gunia la makaa. Kisha mambo yakafunguliwa. Maduka ya Ngamiani yakajaa vitu, nguo za mitumba zikamwagwa chini kwenye maturubai, na shilingi ikawa inapungua nguvu kila ulipoiacha ilale. Watu waliokuwa wameweka noti chini ya godoro wakalia. Soud hakulia. Alipokuja likizo mwaka huo alilipakata kopo mapajani, akacheka peke yake.

"Unaona? Mchina yule hakunidanganya. Tukivumilia kidogo tu, mke wangu."

Mwatum hakuwa mtu wa kununa. Alizaliwa Wete, Pemba, akaolewa Tanga akiwa msichana, na kwao mwanamke alifundishwa kuyameza mengi. Lakini yeye alijua kuvumilia kidogo kulikuwaje. Kulikuwa ni kulala ukingoni mwa kitanda kipana, kwa kuwa mwili ulikuwa umezoea kuacha nafasi. Kulikuwa ni kupika wali wa nazi kwa kipimo cha watu wawili, kisha kumpelekea jirani sehemu iliyobaki na kusema kwamba mkono umezidisha. Kila Soud alipoondoka, Mwatum hakuifua foronya yake mpaka harufu ya mafuta ya mashine ilipoisha yenyewe, na kila mwaka harufu hiyo iliisha mapema kuliko mwaka uliotangulia.

Mwaka mmoja meli ilichelewa. Mfungo ukaingia, ukatoka, Soud hakuonekana. Mwatum alikwenda tena na tena katika ofisi ya wakala wa meli, bandarini, na kila mara karani alimjibu bila kuinua kichwa, "Bado, mama." Asubuhi moja, alipokuwa akifuta vumbi, alilifungua kopo. Sarafu ya kwanza kabisa, ile aliyokuja nayo Soud katika miaka ya shida, nailoni yake ilikuwa imeachia pembeni. Hewa ya chumvi imeingia. Dubu alikuwa amekuwa mweusi kuanzia miguuni hadi kifuani, kama aliyezama topeni.

Mwatum aliipeleka mlangoni kwenye nuru. Kwao Wete, fedha ya msafiri haikuachwa ikawa nyeusi. Bibi yake alikuwa akikusanya vikuku na pete za kila aliyekuwa ugenini, akaviosha kwa ukwaju na jivu lililochungwa, akavisugua kwa kanga kuukuu hadi viliporudisha uso wa mtu. Weusi ukikaa juu ya fedha, walisema, basi na kifua cha mwenyewe kimeshikwa huko aliko. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hilo lilitendwa, kama mtu afagiavyo uwanja.

Basi Mwatum akaitoa sarafu katika nailoni. Akaloweka ukwaju, akachunga jivu, akasugua mchana kutwa, akamtaja mumewe kila aliposugua. Dubu akang'aa kama mwezi. Juma halikuisha, telegramu ikaja: mtambo uliharibika Kolombo, Soud ni mzima, anakuja. Tangu siku hiyo ungemwambia Mwatum kwamba hayo yalisadifiana tu, asingekuelewa.

Soud aliporudi alikuwa amekonda, na ndevu zake zilikuwa zimeingia mvi. Usiku wa kwanza hakulizungumzia kopo hata kidogo. Aliushika mkono wa mkewe, akasema, "Nimechoka, Mwatum. Nadhani sasa zimetosha. Nimeagiza mtu aje kuzitazama."

Mtu huyo alikuwa Bwana Idarusi wa Mombasa, aliyekuwa akivuka mpaka wa Horohoro kila baada ya muda kununua riyale za kale na vyombo vya fedha. Alikuja siku ya Jumamosi, akakaribishwa kahawa na visheti. Mwatum alivaa kanga mpya. Moyoni alikuwa amekwisha kuiona mashine ya kusaga, ameusikia mlio wake, amemwona Soud akirudi jioni, nywele zimejaa unga.

Idarusi alizipanga sarafu juu ya meza, akazitazama moja moja kwa kioo cha kukuzia. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaishika ile ya kwanza, akaigeuza juani, akaigeuza tena.

"Yakhe, hii imesuguliwa."

"Haijasuguliwa," Soud akasema. "Haijapata kutoka ndani ya..." Hapo ndipo alipoona kwamba haikuwa na nailoni.

"Imesuguliwa, tena kwa kitu kikali. Tazama mikwaruzo hii. Uso wa kiwandani umekwenda, haurudi. Mimi hii naichukua kwa uzito wake tu, kama bangili iliyovunjika."

"Na hizi nyingine?"

"Hizi nyingine nzuri, wallahi nzuri sana. Lakini mnunuzi wangu anataka mfululizo mzima, na huo wa kwako hauna kichwa. Nitafutie nyingine ya mwaka ule ule, safi. Hapo tutazungumza kiume."

Idarusi akamaliza kahawa yake, akaenda zake. Mwatum alieleza yote: weusi, karani wa bandarini, ukwaju, jivu, na telegramu. Alingoja kugombezwa. Soud hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Hukujua," alisema. "Basi. Zipo, Shanghai. Kuna soko wanauza sarafu za miaka ya nyuma. Nitaitafuta."

"Ulisema zimetosha."

"Zilikuwa zimetosha, Mwatum."

"Ulisema umechoka."

"Mtu hupumzika akifika. Mimi nimebakiza hatua."

Akaondoka likizo ikiwa haijaisha.

Mwezi wa kwanza Mwatum alijilaumu. Mwezi wa pili alianza kufikiri. Aliyarudia maneno ya mumewe tangu mwaka wa kwanza, akaona kwamba hakuna mwaka ambao Soud hakubakiza hatua. Akiipata ile ya Shanghai, kutakuwa na mpya ya mwaka huo; akiipata mpya, Idarusi atakuwa amesema bei itapanda mwakani. Kopo lile halikuwa na tumbo la kushiba. Na katika kulijaza, ujana wa Mwatum ulikuwa umekwisha kuingia humo, mwaka baada ya mwaka, umezibwa kwa moto pande zote, hauguswi na kidole cha mtu.

Telegramu ilipofika kwamba meli imeondoka Uchina, Mwatum alikwenda sokoni akanunua ukwaju.

Alikalia kibao cha mbuzi uani, beseni mbele yake, akazifungua sarafu kwa wembe. Khairat, dada wa Soud, aliyekuwa akiishi nyumba ya pili, aliingia bila hodi kama kawaida yake.

"Wifi, unapika nini na ukwaju wote hu—" Macho yakamtoka. "Loo! Mwatum! Umepagawa?"

"Sijapagawa. Karibu kibao."

"Kibao cha nini! Hizo si fedha za kaka yangu hizo? Si ulishaambiwa zisisuguliwe? Mtu haambiwi mara mbili!"

"Mimi nimeambiwa mara nyingi sana, Khairat. Nimeambiwa mwakani."

"Atakuacha, ewe mwanamke. Atakupa talaka hapa hapa uani, na jivu lako mkononi."

"Akiniacha nitakuwa nimeachwa na mtu aliyepo. Hivi sasa nimeachwa na mtu asiyekuwapo, na nguo zake nazipiga pasi."

Khairat alimtazama dubu mmoja baada ya mwingine akizama katika maji ya kahawia. Yeye naye alikuwa mjane wa baharia.

"Basi hilo jivu lichunge vizuri," alisema mwishowe, kwa hasira. "Ukiharibu, haribu kwa ustadi." Akaenda zake, huku akilia.

Soud alifika baada ya Ijumaa mbili. Aliingia mbio kama kijana, hakuvua hata kofia, akatia mkono mfukoni.

"Nimeipata! Mwatum, nimeipata! Nimeizungukia soko zima, nimeipata kwa mzee mmoja, safi, kama imetoka kiwandani jana!"

Akaiweka mezani, katika nailoni yake. Kisha akaliona sinia katikati ya meza. Mwatum alikuwa amezipanga humo zote, tupu, zinang'aa kwa mng'ao mkali usio na kina, na kila uso wa dubu ulikuwa na mikwaruzo myembamba kama nywele.

Soud alikaa kitini polepole. Aliokota moja, akaigeuza juani kama alivyofanya Idarusi. Akaiweka, akaokota ya pili. Hakuiokota ya tatu.

"Nilikawia tena?" aliuliza, sauti yake ndogo. "Uliniogopea?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, ameufungua yeye mwenyewe. Mwatum aliuona. Angeitikia ndiyo, angesamehewa kama mara ya kwanza, na Soud angerudi Shanghai kuanza upya.

"Hapana," alisema. "Safari ile sikujua. Safari hii nilijua."

Nje muuza maji alipita na mkokoteni wake, akinadi. Soud alivua kofia. Alionekana kama mtu aliyeshushwa katika kituo asichokijua, mizigo imeondoka na gari.

"Sasa nirudi melini kufuata nini?"

"Huna cha kufuata."

Alikaa vile mpaka adhana ya alasiri ikaisha. Kisha akaomba maji ya kuoga.

Idarusi alizichukua kwa uzito, kama bangili zilizovunjika. Ile ya Shanghai peke yake aliinunua kwa bei nzuri, na bei hiyo nzuri ndiyo iliyomuuma Soud kuliko zile mbaya zote. Fedha iliyopatikana haikutosha mashine mpya. Walinunua kuukuu, iliyokuwa imelazwa Muheza, na Soud akaikarabati mwenyewe kwa majuma mengi bila kuzungumza. Wakaiweka Mabawa katika banda la mabati. Wanawake walikuja na mahindi yao na mihogo mikavu, wakamsifu fundi kwa unga laini. Jioni alirudi, nywele zimejaa unga, kama Mwatum alivyokuwa amemwona moyoni. Alikula, akasema ahsante, akalala upande wake wa kitanda, naye Mwatum akajifunza upya kulala katikati.

Khairat alimwuliza siku moja, "Sasa, wifi, roho imetulia?"

"Yupo," Mwatum akajibu.

Siku moja mchana alimpelekea chakula bandani. Hapakuwa na mteja. Mashine ilikuwa inaunguruma bure, haisagi kitu, nayo sakafu ilitetemeka chini ya miguu. Soud alikuwa amesimama ameipa mgongo nuru ya mlango, kiganja chake kikiwa juu ya chuma chenye moto, macho ameyafumba, na mwili wake ulikuwa unayumba kidogo sana, huku na huku, kwa mwendo ambao banda lile halikuwa nao.

Mwatum alimwita. Mlio wa mtambo ukalimeza jina. Angeweza kumgusa bega. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Lakini alimjua mumewe, na alijua kwamba mtu hashikwi bega akiwa mbali namna ile. Akaegemea nguzo, bakuli la wali likimchoma vidole, akamngojea arudi.