Risasi Katika Bustani za Nyuma ya Kiwanda

Udongo alishauchekecha, akauchemsha kwenye asidi na kuuchuja. Sasa mpimaji alikuwa amesimama peke yake maabarani, akiangalia mrija ukifyonza yale maji na kuyapuliza kwenye mwali wa mashine. Mwanga hupita katikati ya mwali huo. Mwanga ukipungua, ujue madini yamo. Ulipungua mno. Akaosha mrija, akarudia. Jibu lilelile: risasi, mara nyingi zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa.

Udongo ulitoka bustani za mboga nyuma ya kiwanda cha betri. Bustani mojawapo ilikuwa ya jirani yake, mama mtu mzima ambaye, tangu mpimaji afiwe na mume, ndiye pekee aliyemgongea mlango jioni kumuuliza kama amekula.

Alipopeleka majibu, mkuu wa maabara aliyatupia jicho mara moja tu.

"Sampuli hizi ziliharibika njiani."

"Hazikuharibika, mzee. Nimezirudia."

"Dada, gesi ya hiyo mashine analipa mwenye kiwanda. Akikata, utapima kwa macho?"

Jioni mpimaji alikwenda mwenyewe kwa jirani, akamkuta akifunga mboga mafungu mafungu.

"Mama, hizo usiuze. Wala usile. Udongo wako una risasi."

"Risasi?" Jirani akacheka. "Kapigwa nani?"

"Si ya bunduki. Ni sumu inayotoka kiwandani. Inaingia kwenye mboga, inadumaza akili za watoto."

Kicheko kikakauka. "Bwana afya alipita juzi tu, kasema pako salama. Wewe una karatasi yenye muhuri?"

"Sina."

"Basi wajukuu zangu niwalishe maneno yako?" Akaendelea kufunga mafungu bila kumtazama. "Nami nilikuweka kama mwanangu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

Usiku ule mlango haukugongwa. Asubuhi jirani alipita na kapu lake, akisimama kila mlango isipokuwa wa mpimaji. Mpimaji alimsikiliza akitaniana na wateja mpaka sauti ikapotelea kona ya mwisho. Kisha akavaa viatu, akatoka, akaanza na nyumba ya kwanza.

Alifungua mwanamke mwenye mtoto mgongoni na fungu la mboga mkononi.

"Samahani, dada. Mboga hizo usimpe mtoto."

Mwanamke akamkagua toka juu hadi chini. "Kwani umetumwa na nani?"

"Sina aliyenituma," mpimaji akasema.